Watoto Elfu Mbili na Watatu

Shemeji yangu, mume wa dada, tulimwita Bwana Mstari, na jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na mamaye. Kazi yake ilikuwa kufundisha halaiki: watoto wa shule zote wanacheza pamoja uwanjani, wageni wakubwa wanapiga makofi. Nyumbani kwake hata viatu vilipangwa sambamba. Ukikipinda kimoja, siku yako imeharibika. Mimi nilimshonea sare, kwa hiyo makelele yake nayajua.

Mwaka ule alimwahidi mkubwa wake mambo mawili: mistari yote itakuwa sawa, na hakuna mtoto atakayebaki nje. Watoto wakahesabiwa, wakafika elfu mbili na watatu. Akawapanga mistari saba, akabaki mmoja. Kumi na mmoja, akabaki mmoja. Kumi na mitatu, mmoja tena! Jua la utosini, filimbi mdomoni.

Mwalimu wa hesabu akamwonea huruma. "Bwana, hiyo ni namba tasa. Haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Punguza mtoto mmoja, inagawanyika. Ongeza mmoja, inagawanyika. Hiyo yenyewe, ng'o."

"Haigawanyiki kwa nani? Miaka yote hii nafundisha! Itanyooka tu."

"Basi wapange mstari mmoja."

Namba haikunyooka. Akamnyooshea kidole binti wa mfagizi wa uwanja: "Wewe, toka. Magoti yako hayakunjiki." Uongo mtupu! Mtoto yule aliwashinda wote kucheza. Binti yake Mstari ndiye aliyepenyezwa bila kujaribiwa, hajui kushoto wala kulia. Binti wa mfagizi akasimama pembeni analia, kashika pindo la sare niliyomshonea. Hasira zikanipanda.

"Shemeji, huna hata haya? Huyo wa ziada si atangulie mbele na bendera, wengine wapangwe nyuma yake?"

Macho yakamng'aa. "Hapo umenena!" Binti wa mfagizi akarudishwa, mstari wa mbele, katikati. Na bendera? Akapewa binti yake mwenyewe. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake.

Siku ikafika. Mistari ishirini na sita, kila mmoja watoto sabini na saba, utadhani imepigwa rula. Mbele yao binti wa Mstari, peke yake. Muziki ukaanza, mtoto akaganda. Ndani ya mstari angechungulia jirani. Pale mbele achungulie nani? Watu wakaanza kucheka. Maskini, kosa halikuwa lake. Baba anapiga kelele, mishipa ya shingo imemtoka: "Kushoto! Kushoto!" Mtoto akatupa bendera, akakimbilia nyuma. Binti wa mfagizi akasogea, akamshika mkono.

"Niangalie mimi."

Wakacheza, mstari wa mbele sabini na wanane, umepinda. Uwanja ukalipuka kwa makofi. Bwana Mstari akakimbia kuiokota bendera, akasimama nayo pale katikati, hajui aende wapi.

Mgeni mmoja akamuuliza mkubwa wa Bwana Mstari, "Na yule mzee pale, yeye yuko mstari gani?"