Kaburi ya ofisa iko Mpofi

Leo muzungu mumoja wa Irlande amekunywa babu yake, na mimi njo nilikuwa mutafsiri.

Alikuja hapa Mpofi kutafuta kaburi ya ule babu, ofisa wa jeshi ya wakoloni. Alitaka tu kuweka maua na kulia kidogo.

Mama Furaha, mulimaji mumoja wa hapa, akamupa kasiksi, pombe ya ndizi zake. Mugeni akasema iko tamu, kisha akauliza kaburi.

Mama akanijibu mimi: "Ule alichapa babu zetu fimbo. Muntu kama ule hatumuwekee musalaba, kaka. Tunapanda ndizi juu yake, asahaulike."

Nikamuuliza ndizi gani.

"Mwambie amalize kikombe kwanza."

Nikatafsiri ile ya mwisho tu.

Akamaliza, akaomba ingine.

Mungekuwa nyinyi, mungemwambia?