Sindano ya Silantoi

Ukitaka kumkasirisha jirani yangu Resian, mwambie mtoto wake ana mafua tu. Mimi nilimwambia hivyo siku moja hapa Kitengela, nimekaa kwenye cherehani yangu, na wiki nzima hakuniuzia hata nyanya.

Silantoi ana miaka tisa. Nyasi zikichanua baada ya mvua, macho yake huvimba hadi yakafungika, pua huziba, kifua hupiga miluzi. Watu walikuwa na majibu tele. Eti ni vitunguu vya Kimana anavyouza mama yake ndivyo vinavyomtoa machozi. Eti amedekezwa. Ukweni, huko Kajiado, walicheka kabisa: mtoto wa wafugaji atashindwaje na nyasi? Resian alichoka kuchekwa. Akampeleka Nairobi kwa daktari wa mzio, akapimwa kwa vitone mkononi, na pale palipowekwa kitone cha nyasi pakafura kama pameumwa na nyuki.

Daktari alieleza kwamba dawa yenyewe hutokana na nyasi, kwa kipimo kidogo sana. Mtoto angedungwa kila wiki, baadaye kila mwezi, kwa miaka mitatu, mpaka mwili uzoee. Lakini siku ya sindano kifua lazima kiwe safi, la sivyo inaweza kumdhuru.

Sasa sikia lililotokea. Mama mkwe wake Resian anampenda mjukuu huyo kupita kiasi, na kwa Wamaasai nyasi mbichi ni amani, ni dua. Mwaka jana, siku mbili kabla ya sindano ya kwanza, bibi alichuma nyasi zilizochanua, akazichovya kwenye maziwa, akamfunga Silantoi shingoni. Walipofika Nairobi mtoto alikuwa anahema tu. Daktari akakataa kumdunga, akasema wangoje msimu upite. Resian alirudi akalia kwangu. Aliniambia wazi kwamba anamchukia yule mama, na kwamba anajichukia zaidi kwa kunyamaza.

Mwaka huu tarehe ikatolewa tena. Wakwe wakaita watu nyumbani Jumapili baada ya kanisa kumwombea mtoto, na mimi nikaenda na Resian. Mchungaji akaomba, tukasema amina. Kisha bibi akatokea na nyasi mkononi, zinadondoka maziwa. Resian akajisogeza mbele ya mtoto, akaushika mkono wa mama mkwe wake. Watu wakaguna. Anayekataa nyasi amekataa amani, na pale hakuna aliyehitaji kuelezwa.

"Yeyo," akasema, akimwita mama kwa Kimaasai, "hiyo nyasi niwekee mimi. Mimi ndio nampeleka. Mtoto umbariki na mkono."

"Unanifunza kubariki?" bibi akauliza.

"Hapana. Nakukataza nyasi. Ukikasirika, kasirika, lakini haitamgusa."

Akainamisha shingo, akabaki hivyo. Mzee mmoja akamwambia Koinet, mumewe, amrudi mkewe. Koinet, mwanamume mzima, akatazama viatu vyake. Nilitamani kumfinya. Resian hakusogea hata kidogo.

Bibi akazifunga zile nyasi shingoni mwa Resian, kwa nguvu, bila kumtazama. Kisha akaitisha maji na sabuni. Akanawa mikono hadi viwikoni, polepole, watu wote wakimngoja, ndipo akamwekea Silantoi kiganja kichwani.

Tulipoondoka hakumuaga Resian, na hadi leo hampigii simu. Getini Resian alizivua nyasi, akazitundika kwenye ua kwa heshima, akanawa shingo na kubadilisha blauzi kabla ya kumshika mtoto. Nilimuuliza kama anajuta. Akaniambia niache maswali ya kijinga.

Jumanne daktari alisikiliza kifua cha Silantoi mbele na nyuma, akasema ni safi. Nesi alipogeuka kuchukua sindano, Resian alikuwa tayari ameukunja mkono wa sweta ya mtoto.