Jino Langu na Shavu la Wakala

Nilikwenda ofisini kwa mume wangu nikiwa nimejitanda kitenge mpaka puani. Ilikuwa asubuhi ya siku ya kazi, na kwa mwalimu mkuu nilikuwa nimeomba ruhusa nikimwambia naumwa jino. Sikumdanganya. Jino lilikuwa limeng'oka jana yake jioni, kabla hatujala, kwa sababu nilimwuliza mume wangu kwa nini anawafokea watoto.

Mume wangu alikuwa afisa uvuvi. Watu wa mwaloni, pale boti zinaposhushia samaki, walimwita bwana samaki. Siku hiyo alikuwa ametoka na boti kukagua nyavu upande wa Ukerewe, nami niliichagua siku hiyo makusudi, kwa kuwa sikwenda kumwona yeye. Nilikwenda kumwona mkuu wake.

Hata dada yangu alinishangaa, akaniuliza tangu lini mke akamshtaki mume kwa mwajiri. Nilikuwa na sababu. Muda si mrefu kabla ya hapo, mwalimu mwenzangu, binti aliyekuwa ndiyo kwanza ametoka chuoni, alionekana Jumamosi kwenye dansi mjini amevaa suruali, anacheza, bia mkononi. Jumatatu akaitwa. Akaambiwa kwamba mtumishi wa serikali ni mtumishi hata akiwa amelala, na kwamba mwenendo wake nje ya saa za kazi unaipaka serikali matope. Alipewa onyo kali, akahamishiwa shule ya ndani kabisa huko Magu. Sisi tuliobaki tulikusanywa ofisini tukaelezwa yale yale. Nilisikiliza, nikaamini. Nikajiambia kwamba serikali inayojali suruali ya Jumamosi haiwezi kukosa kujali jino langu.

Mkuu wake alikuwa mtu mzima, mwenye kitambi na sauti ya upole. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniagizia chai. Nikashusha kitenge. Alinitazama mara moja tu, kisha akageukia dirishani.

"Pole sana, shemeji. Umekwenda polisi?"

"Nimekwenda, mzee. Wamesema ni mambo ya nyumbani, nikaongee na wazee."

"Basi umeona. Na sisi hapa ni hivyo hivyo. Kazini mumeo hana doa. Serikali haiingii chumbani mwa mtu."

"Ilikuwa sebuleni," nilisema.

Alicheka kidogo, akidhani nafanya utani. Nikamweleza habari za yule mwalimu na suruali yake.

"Yule alikuwa hadharani," alisema. "Watu walimwona. Wewe nani amekuona? Kunywa chai yako, jitande vizuri, urudi nyumbani. Nitaongea naye kiutu uzima."

Chai sikuigusa. Mdomo wenyewe haukuweza.

Kuongea naye, aliongea kweli. Mume wangu aliporudi alikula ugali wake, akanawa mikono, ndipo akaniambia kwamba mkuu wake amemshauri amtulize mke wake, asije tena kuwaaibisha watu ofisini. Hakunipiga siku hiyo. Alitabasamu tu, tabasamu la mtu aliyepewa kibali, na tangu hapo hakuhangaika hata kufunga dirisha kabla ya kunipiga.

Sitamsingizia. Kazi yake aliifanya. Ilikuwa miaka ile viwanda vya minofu vilipokuwa vinaota ufukweni kimoja baada ya kingine, malori ya barafu yakipanga foleni mwaloni, na neno mwekezaji likitamkwa kwa heshima kama unataja askofu. Kila kiwanda kilikuwa na mawakala wake wa kununua sangara, na baadhi ya mawakala waliwagawia wavuvi makokoro, yaani nyavu za kukokota, na nyavu za matundu madogo, ambazo sheria ilizikataza. Wenzake wengi walifumba macho. Yeye alizikamata, akazichoma pale pale mchangani, wenye nyavu wakitazama. Alirudi nyumbani ananuka moshi wa nailoni, na hasira alizozibeba kutoka mwaloni akazitua kwangu. Wapo walioniambia nimwelewe kwa hilo. Nilimwelewa. Kumwelewa hakukunirudishia jino.

Kisha ikaja Jumapili ya kipaimara cha mtoto wa jirani. Tulikuwa tunakaa kwenye nyumba za serikali, zile zilizojengwa mbili mbili zikichangia ukuta, na jirani huyo ndiye tuliyechangia naye ukuta. Baada ya ibada walifunga turubai uani, wakakodi viti, wakapika pilau. Mume wangu alivaa suti yake ya pekee. Nami nilivaa, nikakaa kando yake na watoto, kama tunavyokaa wake za watumishi.

Miongoni mwa wageni wa heshima alikuwepo wakala mmoja wa kiwanda, kijana wa mjini mwenye miwani ya jua, aliyekuwa ametoa makreti ya soda kwa ajili ya sherehe. Alikuja mpaka mezani kwetu na sahani yake mkononi.

"Bwana samaki," alisema, "zile nyavu ulizochoma, nimeshawapa wavuvi nyingine. Na mkuu wako anajua. Wewe endelea kuota moto."

"Leo sipo kazini," mume wangu alisema bila kuinua macho. "Niache nile."

"Kula, kaka. Hata hiyo soda unayoshushia ni yangu." Kisha akampigapiga shavuni, polepole, kama unavyombembeleza mtoto.

Nilikuwa nimegeuka kumfuta mdogo mdomo. Kofi nililisikia tu, na nikalijua kwa mlio wake kabla sijageuka. Sahani ya wakala ilianguka, miwani ikarukia kwenye pilau, na wanaume wakainuka kutoka kila meza. Sijapata kuona wanaume wakikimbia namna ile. Wengine walimshika mume wangu mikono, wengine walimwinua wakala na kumpangusa koti. Jirani yetu, baba wa mtoto wa kipaimara, alimkumbatia mume wangu kiunoni kwa nyuma asisogee.

"Huwezi kumpiga mtu hivi," alikuwa anasema. "Huwezi kumpiga mtu hivi."

Nilimtazama yule bwana. Miaka yote hiyo alilala upande wa pili wa ukuta wangu. Mwiko wangu ukianguka jikoni kwangu, kwake unasikika. Kwangu hakuwahi kubisha hodi hata mara moja. Niliwashika watoto mikono, nikaondoka, na wala sikukumbuka kubeba viatu vya mdogo.

Jumatatu mume wangu alisimamishwa kazi. Walisema ni mwenendo usiomfaa mtumishi wa umma, hata kama ilikuwa Jumapili na hata kama alikuwa amevaa nguo zake. Hawakuuliza wakala alisema nini.

Baada ya siku chache gari la ofisi lilisimama mlangoni kwetu, akashuka mkuu wake. Mume wangu hakuwepo. Safari hii mimi ndiye niliyemwekea kiti.

"Shemeji," alisema, "tumeunda kamati ya nidhamu. Tunataka uje utusaidie. Ile habari uliyoniletea."

"Habari gani, mzee?"

"Ile ya jino."



"Uliniambia serikali haiingii chumbani."

"Mambo yamekuwa makubwa. Mwekezaji amelalamika mpaka mkoani. Kamati inataka ionekane kwamba huyu bwana ana tabia ya kupiga, isionekane kwamba alichokozwa. Na wewe utakuwa umepata haki yako."

Alisema haki yangu. Akaiweka mezani kama zawadi aliyopita kuninunulia dukani.

Mume wangu alipata habari kabla jua halijazama. Alikaa sebuleni, mikono katikati ya magoti, na kwa mara ya kwanza tangu tuoane aliniomba kitu kwa sauti ndogo.

"Mama watoto, ukienda utanimaliza."

"Ulinipiga au hukunipiga?"

"Mimi nakuuliza habari ya nyumba hii. Nikifukuzwa tunahama. Watoto watakwenda wapi?"

"Nimekuuliza, ulinipiga au hukunipiga?"

Nilikaa naye chumba kimoja tukisikilizana pumzi, na nilimkasirikia yeye na mkuu wake kwa uzito ule ule.

Nilikwenda. Kamati ilikuwa ya wanaume watupu, nyuma ya meza ndefu yenye soda na biskuti. Wakala alikuwa amewekwa kwenye kiti cha mto, shavu lake halina hata alama. Mume wangu alikaa pembeni na mimi nikaonyeshwa benchi.

"Mama," mwenyekiti aliniuliza, "mumeo ana tabia ya kupiga watu?"

"Sijamwona akipiga watu. Amenipiga mimi." Nilifungua mdomo nikawaonyesha pengo. "Na nilikuja kusema katika ofisi hii hii. Mkuu wake huyo hapo alinirudisha nyumbani. Sasa naomba jambo langu liwe shtaka. Likae peke yake, tena liwe la kwanza, kwa sababu lilitangulia."

Mkuu wake akawa anakagua kucha zake.

"Mama, jibu swali tu," mwenyekiti alisema. "Shtaka lililopo hapa ni moja, la kumshambulia huyu ndugu. Hayo yako yatasaidia kuonyesha tabia."

"Mimi sikuja kusaidia shavu lake."

"Mama, punguza sauti."

"Sijaipandisha bado, mzee. Kama jino langu ni kosa, andikeni kosa. Kama si kosa, msilitumie."

Karani alikuwa ameshika kalamu, anamtazama mwenyekiti apate ruhusa ya kuandika. Mwenyekiti akatikisa kichwa kukataa. Wakaniambia naweza kwenda. Nilipopita mbele ya mume wangu alinitazama kama mtu asiyejua amshukuru au amlaani nani. Sikumsaidia kujua.

Walimfukuza kazi. Mwenyekiti aliposoma uamuzi alisema kwamba mke wa mtuhumiwa mwenyewe amethibitisha kuwa mumewe ni mtu wa vurugu. Basi walilitumia hata hivyo. Walilichukua jino langu wakalipachika pale lilipowafaa, na mimi, mwenye jino, sikutajwa kwamba nilikosewa.

Nyumba ya serikali tulitakiwa kuiachia. Yeye alikwenda kwa kaka yake Nansio, kisiwani Ukerewe. Mimi sikumfuata. Nilipanga vyumba viwili Kiseke, karibu na shule, wakati huo kukiwa bado mashamba ya mihogo katikati ya mawe. Watu walisema nimemwacha mwanaume wakati wa shida. Akina mama wa kanisani walikuja kuniombea moyo wa kusamehe. Niliwakaribisha, nikawapikia chai, nikawauliza nianze na nani: mume, mkuu wake, polisi, jirani, au ile kamati. Mmoja wao, ambaye sitamsema zaidi, alibaki nyuma wenzake walipotoka. Alinishika mkono kwa muda mrefu, kisha akawafuata.

Wakala aliendelea kununua samaki. Mkuu wa ofisi alistaafu kwa sherehe.

Mwaka uliofuata mume wangu alikuja na meli, akanisubiri nje ya uzio wa shule ameshika mafungu ya sato waliokaushwa. Alikonda. Alisema sasa anavua, tena kwa nyavu zile zile alizokuwa akizichoma. Aliniomba turudiane.

"Wewe ndiye uliyenifukuzisha kazi," alisema, "lakini nimekusamehe."

Nilimwambia watoto atawaona Jumapili pale kanisani, nikarudi darasani, nikaendelea na somo la hesabu. Alikuja Jumapili kadhaa, halafu akaacha.

Baadaye nilisikia ameoa huko Nansio, msichana mdogo. Nilikuwa nachambua mchele nilipoambiwa, nikasimamisha mikono. Nilitaka apatikane mtu wa kumweleza, wa kumwambia huyo bwana atazamwe. Nikatafuta kichwani ni nani. Mwajiri hana tena. Hakuna hata ofisi ambako huyo mke wake mpya angekwenda ikamrudisha nyumbani.