Tulisema Ni Msumari

Miaka ile Warundi walipokuwa wakivuka tena kuja kwetu, mimi na rafiki yangu mmoja tulifanya kazi ya kufukuza popo kwenye mapaa ya nyumba za Ujiji. Sijaiona kazi hiyo mahali pengine nilipopita, na nimepita pengi: Mpanda, Sumbawanga, Kalemie ng'ambo, Bukoba, na sasa hapa ninapoandika, ambapo hakuna anayeijua harufu ninayoisema. Ni harufu kali ya mkojo na vumbi, na haitoki kwenye nguo hata ukifua mara mbili. Kuna siku naitamani, na sijui kwa nini.

Nyumba nyingi za zamani za Ujiji zina dari ya mbao, na juu yake bati. Katikati hapo popo wadogo hujazana mpaka dari inabonyea kwa kinyesi. Tulipanda mchana, wakiwa wamelala. Tulichoma pilipili kavu kwenye kopo, moshi ukawatoa wengi, na waliobaki tuliwashika kwa mkono mmojammoja kabla ya kuziba matundu kwa matambara na saruji. Kinyesi tulikizoa kwenye viroba tukawapelekea wenye bustani kule Luiche, ambao walikipenda kuliko mbolea ya dukani.

Mimi nilivaa soksi nene mikononi. Mwenzangu alishika kwa mikono mitupu, akisema kwa soksi huwezi kujua kama umembana popo au umemvunja.

"Sha, wewe unamwogopa panya aliyevaa koti," aliniambia. Sha kwao ni kama kusema rafiki.

Alikuwa seremala kwao Burundi. Alivuka na mkewe na binti yao mdogo, wakapelekwa kambini, njia ya Kasulu. Kutoka kambini kulihitaji kibali, na kibali cha kwenda mjini kutafuta kazi hakikuwepo. Akatoka bila kibali. Tulikutana kwenye ujenzi, tukapanga chumba kimoja Buzebazeba, nikamfanya mtu wa kwetu. Kiha chetu na Kirundi chao vinasikilizana kiasi kwamba mgeni hawezi kuvitofautisha, kwa hiyo haikuwa kazi ngumu. Nilimpa jina la kwetu, nikamfundisha kusema ametoka Ilagala, na nikamtajia njia ya kwenda Simbo na miti iliyo kando yake, iwapo mtu angemuuliza maswali. Hakuna aliyemuuliza. Alipenda jina lile. Wakati mwingine alijiita nalo peke yake akinyoa ndevu.

Siku ninayotaka kuisimulia tulikuwa kwa mjane mmoja mzee tuliyemwita Bibi. Ilikuwa asubuhi, jua limeshapanda. Tulimkuta popo amelala uwani kwenye sakafu, anapigapiga bawa moja, na kuku wamemzunguka.

"Mtoeni huyo, wanangu," Bibi alisema. "Kuku wangu watamla, halafu nani atakula kuku?"

Popo mzima halali chini juani. Leo nalijua hilo. Siku ile niliona tu mnyama aliyechoka na moshi, ingawa moshi wenyewe hatukuwa tumeuwasha bado. Mwenzangu aliinama akamchukua ili amrushe nyuma ya ukuta. Popo akamuuma kwenye kidole cha shahada, karibu na kiganja, na hakuachia. Ikabidi amtoe kama unavyotoa kupe.

"Kumbe ana hasira," alisema, akamrusha. "Kwao pia kuna vita nini?"

Palibaki vitone viwili vya damu. Nilikwenda kuchota maji kwenye pipa, Bibi akanizuia. "Usitie maji, kitaoza." Akaingia jikoni, akapasha mawese kwenye kijiko, akaweka chumvi, akamsugua kidole mpaka mkono wote ukawa mwekundu kwa mafuta. Nani kwetu angembishia? Mawese tulipakwa tulipoungua, tulinyweshwa tulipokohoa, na aliyekula sumu alimiminiwa kikombe kizima kabla ya kutafutiwa gari. Nilishika kijiko mimi mwenyewe Bibi alipokuwa anasugua.

Kesho yake kidole kilivimba, nikamlazimisha twende zahanati. Tulikaa kwenye benchi. Mbele yetu kulikuwa na mama aliyeleta mtoto aliyeumwa na mbwa, na nesi alikuwa akimweleza kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuelezea wengi.

"Mama, aliyeumwa na mnyama, mnyama yeyote, anaanzia kwa bwana mifugo. Anaandikiwa fomu. Na uje na barua ya mwenyekiti wa mtaa, ionyeshe unakaa wapi. Halafu ndipo sindano."

Mwenzangu alinibana goti. Barua ya mtaa ilikuwa na maana ya mwenyekiti, na mwenyekiti wetu alikuwa mtu wa kuuliza baba yako ni nani, na babu yako alizikwa wapi. Njia ya Simbo na miti yake tungeitaja, lakini kaburi la babu tungelitoa wapi? Na katika siku zile, aliyekamatwa nje ya kambi bila kibali hakurudishwa tu. Wengine walilala rumande kwanza.

Zamu yetu ilipofika, nesi aliuliza, "Haya, na wewe?"

"Msumari," nilisema. Yeye hakufungua mdomo. Ni mimi niliyesema. "Msumari wa bati."

Nesi alikitazama kidole. "Msumari wenye meno mawili?"

"Mbao ilikuwa na misumari miwili, dada."

"Bati za Ujiji zinauma, sista," mwenzangu akadakia, na nesi akacheka. Akamchoma sindano ya pepopunda, akatupa vidonge, tukatoka. Barabarani tulinunua mihogo ya kukaanga, tukala tukitembea, na tukajiona tuna akili sana.

Sitaki kudanganya kwamba tuliijua hatari tukaificha. Kichaa tulikijua kuwa ni cha mbwa. Mbwa anayetoa udenda, watu wanakimbia, mtu anatafuta rungu. Hatukuwahi kusikia habari yake kwenye kitu kidogo kinachoenea kwenye kiganja.

Kidole kilipona. Tulifanya nyumba nyingine tatu au nne. Zilikuwa zimepita kama wiki sita alipoanza kujikuna pale palipoumwa, ngozi ikiwa nzima kabisa. Alisema anahisi siafu wanapanda mkononi, kisha begani. Ikaja homa. Tukanunua dawa ya malaria kama kila mtu anavyofanya. Siku ya tatu asubuhi nilimpa chai, akaipeleka mdomoni, shingo ikakaza, kikombe kikamponyoka.

"Chai yako mbaya," alisema, anahema, "mpaka koo limeikataa."

Nilimletea maji. Alikuwa na kiu. Aliyatazama kama mtu anayeitazama nyumba yake ikiwa imefungwa. Alipoyasogeza tu, mwili mzima ukaruka. Chumba chetu kilikuwa na dirisha la upande wa ziwa, na asubuhi zile upepo wa ziwani ulikuwa ndiyo raha yetu. Siku hiyo uliposukuma pazia, alipiga kelele.

"Funga, sha. Upepo unaniuma."

Nikafunga. Nikamfunika kanga kichwani, nikampakia kwenye pikipiki kati yangu na dereva, tukaenda hospitali.

Daktari alikuwa kijana. Alimwekea kikombe cha maji mbele, akamwangalia, kisha akakiondoa taratibu na kuniita nje.

"Mbwa alimuuma lini?"

"Hakuna mbwa."

"Paka? Mbweha?"

"Popo."

"Mlikwenda wapi baada ya hapo?"

Nikamwambia zahanati, na tulichokisema zahanati. Hakunikaripia. Ningependa angenikaripia. Alisema ugonjwa ukishafika hapa hakuna sindano ya kuurudisha, watamlaza chumba cha peke yake chenye giza, watampa dawa za kumtuliza, basi.

"Tungesema kweli siku ile," nilimuuliza, "angepona?"

"Huenda," alisema.

Kilichonishinda zaidi ni zile saa alizokuwa mzima. Nilidhani kichaa ni mtu kupotea moja kwa moja. Yeye alipotea na kurudi, akapotea na kurudi, na kila aliporudi alikuwa yeye yule, ananiuliza nimekula, ananiuliza kama viroba nimeshawapelekea wenye bustani wa Luiche.

"Wamesema nini?" aliniuliza mara moja.

"Malaria imepanda kichwani."

"Sha. Uongo wako uliwafaa manesi tu." Akafumba macho. "Mpigie mama wa mtoto."

Mkewe hakuwa na simu. Nilimpigia jirani yake kambini. Ilikuwa Ijumaa mchana. Mkewe alikimbilia ofisi ya vibali, akaambiwa mhusika ameshaondoka, aje Jumatatu. Jumatatu alipokuwa kwenye foleni, mumewe alikuwa anaomba maji kwa Kirundi, amazi, amazi, na mimi nimesimama mlangoni na jagi mkononi ambalo nilikatazwa kuingia nalo. Alifariki kabla ya saa saba mchana. Hospitali ilitaka azikwe upesi, na watu wachache. Jumanne mkewe aliteremka kwenye basi na kibali cha siku tatu ameshikilia mkononi, nikampeleka makaburini.

Kwenye cheti cha kifo liliandikwa jina nililompa mimi. Ndilo lililokuwa kwenye jalada tangu siku ya kwanza. Nilikwenda kwa karani wa hospitali kutaka libadilishwe. Akaniuliza, basi huyu ni nani, na wewe ulimficha kwa muda gani? Niliogopa. Nilichukua karatasi ilivyokuwa, nikaondoka.

Daktari alitaka na mimi nichomwe, kwa kuwa mate yake yalinigusa. Nilikwenda kwa bwana mifugo. Fomu niliipata kwa nusu saa, kwa sababu barua ya mtaa niliandikiwa bila swali hata moja. Nilimsimulia mzee yule yote. Akanieleza, bila haraka, kwamba virusi vya kichaa ni ukoo mzima. Cha mbwa ndicho tunachokijua, lakini kina ndugu zake, na baadhi ya ndugu hao wanaishi kwa popo. Chanjo iliyotengenezwa kwa ajili ya cha mbwa huwazuia baadhi ya ndugu, na wengine inashindwa kuwazuia.

"Huyu wa mwenzangu alikuwa yupi?"

"Kuna aliyechukua kipimo?"

"Hapana."

"Basi hatutajua," alisema, akaninyooshea fomu.

Kwa hiyo nina "huenda" ya daktari, na nina "hatutajua" ya bwana mifugo. Nimehama nazo mji hadi mji. Ya pili ingepaswa kunipunguzia mzigo, lakini haijawahi.

Miezi ikapita, jirani yule wa kambini akanipigia. Mke wa rafiki yangu alikuwa ananiomba nije na cheti. Kwenye daftari la kambi mumewe alikuwa ameandikwa kuwa ametoroka, na kila watu walipohesabiwa, mke aliulizwa yuko wapi. Wengine walisema anamficha.

Nilikwenda. Tuliingia ofisini pamoja, yeye na mimi, na binti yao akishika sketi ya mama. Karani alikuwa mtu mpole. Aliisoma karatasi mara mbili.

"Poleni sana. Lakini aliyekufa hapa ni Mtanzania, mtu wa Ilagala."

"Ndiye huyohuyo," nilisema. "Jina nilimpa mimi." Nikamweleza kila kitu, tangu popo mpaka msumari mpaka jagi.

Alinisikiliza hadi mwisho. "Nani anathibitisha?"

"Mimi."

"Wewe ndiye uliyesema msumari."

Akaturudishia karatasi. Alisema hana ubaya na mimi, ila akiandika vifo kwa maneno ya mdomo, kesho atakuwa na foleni ya wafu mpaka barabarani. Tukatoka, tukasimama kwenye kivuli cha ukuta. Nilimwambia mke wa rafiki yangu alichosema bwana mifugo, kwamba pengine hata chanjo isingemsaidia. Nilikuwa nimeyabeba maneno hayo njia nzima.

"Huyo mzee alimwona mume wangu?"

"Hapana."

"Basi naye anabahatisha kama sisi." Akaikunja ile karatasi ndogo, kisha ndogo zaidi. "Kwa hiyo, shemeji, humo ndani bado yuko hai."

"Kwenye daftari, ndiyo."

"Na akirudi watamfunga kwa kutoroka."

Alianza kucheka. Nikacheka na mimi, sikuweza kujizuia, na binti alitutazama mmoja baada ya mwingine akijaribu kuelewa kilichotufurahisha. Karani akatoka kufunga ofisi. Akatuuliza kama bado tuna shida.

Tukasema hatuna.