Mkalimani wa Sinema za Kiarabu

Uongo wangu wa kwanza wa kiofisi niliuandika kwa wino wa buluu na mwandiko mzuri. Fomu ya ajira iliuliza najua lugha gani. Nikaandika Kiswahili, Kiingereza na Kinyamwezi. Nafasi ikabaki, na mimi nilikuwa nimetoka chuo kikuu juzi tu, sikupenda kuona nafasi tupu. Nikaongeza Kiarabu, na kwenye mabano nikaweka: wastani.

Kiarabu changu kilikuwa hiki: nilihitimu msahafu madrasa nikiwa na miaka kumi na mmoja, niliweza kusoma ukurasa wowote wenye irabu kwa sauti iliyompendeza bibi yangu, na maana yake sikuijua.

Fomu hiyo ilikaa kwenye faili miaka miwili bila kumdhuru mtu. Nilikuwa ofisa utamaduni mjini Tabora. Siku nyingi kazi yenyewe ilikuwa kupanga ngoma za kupokea viongozi stesheni, kisha kuandika taarifa kwamba ngoma zilifana. Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa, taarifa zilikuwa nyingi kuliko sukari. Ndipo ikaja barua kutoka Dar es Salaam kwamba nchi rafiki zimetuletea Wiki ya Sinema za Kisasa za Kiarabu. Itapita mikoani kwa reli, na sisi tumepewa siku sita.

Bosi wangu alifungua mafaili ya watumishi wake moja moja, kisha akaniita.

"Kijana, kumbe unajua Kiarabu na umenyamaza."

"Wastani, mzee."

"Wastani ndio tunaoutaka. Hatukutafuta mtu wa kutuhubiria." Akanipa kipaza sauti cha mkono, kile cha kutangazia mikutano. "Ila mambo ya aibu uyapitie kando. Watu watakaa na wakwe zao mle ndani."

Sasa nina umri aliokuwa nao bosi yule, na ninauelewa uchovu uliokuwa machoni mwake kuliko ninavyouelewa ujasiri wangu.

Filamu ziliteremka kwenye gari moshi zikiwa kwenye makopo ya bati, pamoja na mgeni mmoja aliyetumwa kuzisindikiza. Alikuwa mtu mwembamba wa makamo, mwenye miwani na kikohozi cha sigara, na tangu Dar es Salaam alikuwa hajalala vizuri. Alijua Kiarabu na Kiingereza. Maandishi yaliyopita chini ya picha yalikuwa ya Kifaransa, lugha ambayo hata mimi sikuthubutu kuiandika kwenye fomu. Kwa kila filamu mgeni alinipa ukurasa mmoja wa Kiingereza unaoeleza hadithi. Kurasa sita. Huo ndio ulikuwa mtaji wangu wote.

Jioni ya kwanza nilikuta viatu vimepangwa mlangoni mwa ukumbi. Tulikuwa tunaijaribu mashine, Kiarabu kinasikika hadi barabarani, na wazee walipokaribia wakavua makubadhi bila kuambiana. Mji wetu ulikijua Kiarabu kwa sala, kwa mazishi na kwa ndoa. Hakuna aliyewahi kukisikia kikiuza nyanya. Ndani ya filamu karani mmoja wa forodha alimtukana dereva wa teksi, tusi refu lenye mapigo, na alipovuta pumzi safu ya mbele ikaitikia, "Amin."

Mgeni akaniinamia. "Wamesema nini?"

"Wameipenda," nikamwambia.

Siku ya pili ilikuwa filamu ya wakulima waliohamishwa kwao ili bwawa lijengwe. Watu wa Kigwa walikuja kwa gari moshi kuiangalia, wengi wao wakiwa wamehamia kijiji kipya mwaka ule ule. Kopo la pili halikuonekana. Nilikuwa nimehesabu makopo vibaya pale stesheni, na wakati huo lilikuwa Kaliua, likisubiri kurudishwa. Kwa hiyo sehemu ya katikati hapakuwa na picha. Shuka la kuonyeshea picha lilikuwa jeupe na watu wananitazama. Nikaijaza mwenyewe kwa kipaza sauti. Nikawapeleka wale wakulima kwenye kijiji safi, nikawapa zahanati, duka la ushirika na bomba la maji, na bosi wangu akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha kopo la tatu likaanza. Wakulima wale wale walikuwa wamekaa kando ya barabara juu ya mikeka yao, wanalia.

Sauti moja ikatoka nyuma, ya mtu wa Kigwa. "Ofisa, mbona wanalia na zahanati wamepata?"

Ukumbi ulicheka kwa muda mrefu. Bosi wangu hakucheka.

Siku ya tatu ndiyo iliyonigharimu. Mume na mke wamekaa mezani. Mume anatoa karatasi na kuisukuma mbele ya mkewe. Mke anaisoma, anaikunja, anaendelea kumenya vitunguu. Ukurasa wangu ulisema wazi kwamba ile ni talaka. Nikaangalia safu za mbele, nikawaona wakwe na wakwe zao, nikakumbuka agizo. Nikatangaza kwamba mke amealikwa harusi ya binamu yake mji mwingine. Kwa kuwa filamu yote iliyobaki ilimwonyesha mwanamke huyo akiishi peke yake kwenye chumba cha kupanga, ile harusi ilinibidi niiendeleze kwa karibu saa nzima.

Kwenye benchi la wanawake alikuwapo jirani yetu. Nilimwita Mama mdogo kwa sababu yeye na mama yangu waliishi kama ndugu, na mama alipofariki yeye ndiye aliyenifulia sare ya shule. Alikuwa mshona kofia. Alikuwa ameolewa na Mmanga aliyekuja kutoka Arabuni peke yake na kufungua duka dogo karibu na soko, mtu mpole asiye na jamaa yeyote hapa mjini. Karibu miaka saba kabla ya wiki hiyo, mume alikwenda kwao kumwangalia mama yake mgonjwa. Alisema miezi mitatu. Zilikuja barua mbili za Kiswahili alichokiandika kwa herufi za Kiarabu, kibaya lakini chake, na Mama mdogo alizisoma mwenyewe. Kisha ikaja ya tatu. Ilikuwa ya Kiarabu kitupu, kwa mwandiko mwingine, wa kukimbia, usio na irabu hata moja.

Mtaani tulijua kwamba mume hajarudi. Barua ya tatu hatukuijua.

Asubuhi ya siku ya nne aliniita barazani kwake.

"Shikamoo, Mama mdogo."

"Marahaba. Yule mgeni wako anaondoka lini?"

"Keshokutwa jioni, kwa gari la Kigoma."

"Na akishaondoka harudi?"

"Arudi kufanya nini? Hata kulala hapa hawezi."

Hapo ndipo akanionyesha barua. Kwa miaka sita ilikuwa imelala chini ya vitambaa vya kofia. Mwalimu wa madrasa yetu alisoma pwani, angeweza kuisoma, lakini madrasa ilikuwa katikati ya mtaa, na mwanamke anayeingia pale na karatasi mkononi angeonekana na watu kumi kabla hajavua viatu. Mama mdogo alikuwa na hakika ya kilichoandikwa. Mtu aliyekuwa akimwandikia mkewe kwa lugha ya nyumbani, alisema, akihamia lugha ya kadhi, ameandika nini tena? Alichotaka ni kujua tu kama yeye ni mke wa mtu au siye, na asomewe na mgeni atakayepanda gari na kuondoka nayo.

"Wewe nitakuvumilia," alisema. "Wewe ni mwanangu."

Alasiri nikamleta mgeni. Alikaa kwenye mkeka, akafuta miwani, akaisoma barua kimya hadi mwisho. Kisha akaniambia kwa Kiingereza, taratibu, na kwa mara ya kwanza wiki ile nilisikiliza kila neno.

"Mama mdogo," nikasema, "barua imeandikwa na kaka wa mumeo. Anasema mumeo alifika salama, akakaa kwao miezi minne, akashikwa na homa, akafariki. Wamemzika kwao. Anakuomba radhi kwa kuchelewa kukuarifu."

"Basi?"

"Basi. Na salamu." Ilikuwa barua fupi, ya mtu asiyemjua anayemwandikia.

Hakulia. Aliichukua, akaikunja kwa mikunjo yake ya zamani, akanitazama kama mtu anayepima kitambaa.

"Amekufa kwa homa."

"Kwa homa, Mama mdogo."

"Mwanangu, jana yule mwanamke alipewa talaka yake mezani, wewe ukatuambia kaitwa harusini. Mimi niliuona uso wake. Mtu aliyealikwa harusi hafanyi uso ule."

Nikaanza kumtaja bosi, akanizuia kwa mkono.

"Na wale wa bwawa uliwajengea zahanati. Sasa na mimi umeona aibu, umeniulia mume ili nisiitwe mwachwa. Umefanya vizuri, umenihurumia. Lakini mimi sikukuita unihurumie."

Niliapa. Aliniacha niape hadi nikamaliza. Mgeni akaniuliza anasema nini, na ikanibidi nimweleze: ile talaka, ile harusi, na zahanati.

"Na ile ya siku ya kwanza?" akauliza. "Yule karani?"

"Na yule karani."

Akatoa sigara, akakumbuka yuko nyumbani kwa mtu, akairudisha. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba watu waliozitengeneza filamu zile walihangaika sana, na mmoja wao alifungwa. Ningependelea kugombezwa.

Asubuhi ya siku ya tano, saa nne, watoto wakiwa wamejaa madrasa na wanawake wakiwa bombani, Mama mdogo alitoka kwake amevaa baibui, barua mkononi. Alipita dirishani kwangu. "Twende," akasema. "Ukasikie barua inavyosomwa."

Tulipita katikati ya mtaa. Kila mtu alituona. Mwalimu aliipokea barua, akaisogeza kwenye mwanga, akaifuata kwa kidole. Alipofika katikati kidole kikasimama. Akawaambia watoto wafunge misahafu waende nyumbani. Walipotoka akasema, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," na Mama mdogo akakaa chini palepale kwenye jamvi.

"Ilikuja lini hii?" mwalimu akamuuliza.

"Mwaka wa sita huu."

"Miaka sita, binti yangu?"

"Nilidhani ni talaka."

Mwalimu aliikunja barua. "Siku za eda ya mjane huhesabiwa tangu siku aliyokufa mtu, si siku uliyosikia. Yako ilikwisha zamani, hujui."

"Basi na kulia pia nimechelewa."

"Kulia hakuna eda," mwalimu akasema, akageukia ukutani ili asimwangalie.

Wakati wa kurudi alishika mkono wangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu nianze kuvaa suruali ndefu. "Nilimnyima khitma miaka yote," alisema. "Mtu hakuniacha, na mimi nimemkasirikia." Hakusema neno lolote kuhusu mimi. Nilimshukuru kwa hilo, na lilinichoma pia.

Khitma, kisomo cha kumwombea marehemu, ikapangwa siku ya sita baada ya sala ya alasiri. Ndiyo saa iliyopangwa filamu ya kufungia wiki, mbele ya mgeni rasmi. Ilipofika saa kumi na nusu ukumbi ulikuwa na bosi wangu, mgeni rasmi, dereva wake na benchi ishirini tupu. Mtaa mzima ulikuwa kwa Mama mdogo, na waliokaa mitaa mingine walikuwa njiani kwenda huko. Hata mlangoni hapakuwa na kiatu.

"Watu wako wapi?" bosi akanong'ona.

"Msibani, mzee."

"Nani kafa?"

"Mume wa jirani yetu. Miaka sita iliyopita."

Akazihesabu benchi upya. Nadhani ile ndiyo siku aliyoacha kunitegemea.

Mgeni wetu wa filamu alikuwa ameinama juu ya mashine. Akainuka, akajifuta mikono, akasema kwa Kiingereza, kwa sauti ya huzuni na adabu, kwamba taa ya mashine imeungua na nyingine hakuna. Kisha akanitazama mimi, akingoja. Nikamgeukia bosi nikaitafsiri sentensi nzima, bila kupunguza wala kuongeza. Wiki nzima hiyo ndiyo tafsiri pekee niliyoifanya mbele ya watu neno kwa neno, nayo taa ilikuwa nzima kabisa.

Mimi na mgeni tulikwenda msibani kwa miguu. Kwa Mama mdogo mikeka ilikuwa imejaa hadi barabarani. Mgeni alivua viatu, akapata nafasi karibu na mwalimu, na walipofika kwenye dua mwalimu akamwachia aisome yeye. Hakuna aliyehitaji kipaza sauti. Kila alipotua, watu waliitikia mahali panapostahili.

Baadaye Mama mdogo akanikuta uani nikipanga vikombe. Chai ilikuwa ya rangi, sukari ya kugawana, kijiko kimoja kwa kila mtu. Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Sinema imekwisha mapema hivi?"

"Mashine imeungua taa."

Akasimama na birika mkononi.

"Kweli?"

"Hapana, Mama mdogo."

Akanimiminia kikombe, akatia kijiko changu cha sukari, kisha nusu ya kingine. "Kaa chini," akasema. "Kitumbua kile pale, chukua kabla hawajakimaliza."