Ncha Mbili za Muwa

Ninafundisha Kiingereza hapa Kitale, kidato cha pili, na sina subira. Hilo wanafunzi wangu hulijua kabla hawajalijua jina langu. Kwa hivyo siku niliyosahihisha sentensi zao za neno wary, nikakuta mmoja ameandika kwamba baba yake ni wary kwa nyanya yake mzaa mama kwa sababu anamheshimu sana, nilimchorea kosa kubwa kwa kalamu nyekundu na karatasi ikachanika kidogo.

Nilikuwa nimewaeleza vizuri, haki. Kamusi inasema mwangalifu, lakini inasema hivyo hivyo kwa careful na kwa cautious, na mtoto akisoma hapo anatoka na maneno matatu na maana moja. Nikawaambia: ukibeba trei ya mayai, wewe ni careful. Ukitaka kuvuka barabara na lori linakuja kule, ukangoja lipite, wewe ni cautious. Sasa ukipita kwa jirani na mbwa wake amelala langoni, na hujui kama leo anakukumbuka, unatembea lakini jicho halimwachi. Hapo wewe ni wary. Darasa likacheka, nami nikaridhika. Wary ni kukaa chonjo na kitu kinachoweza kukuuma, na nyanya haumi mtu.

Jioni nikamsimulia mume wangu nikitarajia acheke pamoja nami. Akarudisha tonge sahanini, akasema huyo mtoto amepita na mimi ndiye nimeanguka mtihani. Ati yeye akienda Bungoma kwa mama mkwe wake hutembea sawasawa na huyo mtu wangu wa mbwa. Nikanuna, kwa sababu huyo mama mkwe ni mama yangu mzazi.

Lakini nilijua anachosema. Kwetu, mwanaume na mama ya mke wake hawashikani mikono. Hawali mmoja akiwa mbele ya mwenzake. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kwa nyasi mpaka mwingine apite. Si chuki, ni heshima tu, na kuna njia ya kuilegeza: mkwe analeta blanketi, mashangazi wanakuja kushuhudia, watu wanakula, mikono inashikana hadharani na mambo yanakwisha. Mume wangu alinunua blanketi zamani. Mpaka sasa liko juu ya kabati ndani ya nailoni yake, maana kila tukipanga siku kunatokea matanga, au mavuno, au shangazi mmoja amenuniana na mwingine. Hivyo miaka yote ya ndoa yetu wawili hawa wamekuwa wakisalimiana kwa kukohoa. Yeye anakohoa uani, mama anakohoa jikoni, na kila mmoja anajua mwenzake ni mzima.

Nilikuwa nikiwacheka mpaka mama akapoteza macho.

Mtoto wa jicho alimwingia polepole, macho yote mawili. Kwanza aliacha kuchagua maharagwe, akisema mawe ya siku hizi yamekuwa madogo. Halafu nikamkuta anamwamkia ndama wa jirani kwa adabu zote, na kumuuliza habari za nyumbani. Tulicheka sana siku hiyo, yeye pia. Baadaye hakukuwa na cha kucheka. Mama yangu, aliyekuwa akikuona ukiiba sukari na yeye yuko kisimani, sasa anakaa kwa kiti cha mlangoni kutwa nzima akipapasa ukuta. Iliniuma, wacha tu.

Kufanyiwa upasuaji alikataa, nikarudi kuomba, akakataa tena. Ndipo tukasikia madaktari wa macho wanakuja kwa siku chache katika hospitali moja hapa Kitale, na baada ya hapo haijulikani watarudi lini. Nikambembeleza kwa simu mpaka akalegea. Alitoa sharti moja tu, kwamba nimwendee mimi mwenyewe na nimshike mkono mimi mwenyewe. Nikasema hilo ni jambo dogo.

Wiki hiyo hiyo nikateleza kwa matope ya shule, nikavunja kifundo cha mguu. Nikafungwa plasta mpaka gotini. Nililia, na si kwa maumivu. Nililia kwa sababu kaka sina, jirani anayemsaidia mama alikuwa ametoka kujifungua, na mtu aliyebaki ni mmoja tu, mfanyabiashara wa mahindi mwenye pikapu, anayepita barabara ya Webuye kila wiki. Mume wangu.

Nilipomwambia, aliutazama mguu wangu uliofungwa. Kisha akauliza, "Nitamshika wapi?"

Hakuwa anatania. Mtu asiyeona lazima ashikwe. Nikamjibu kwa ukali amshike mkono kama binadamu, hayo mengine ni mambo ya zamani. Akasema huko zamani ndiko mama yangu anakoishi. Nikampigia mama simu, naye akawa mbaya zaidi. Ati afadhali abaki na giza lake kuliko kumwaibisha mkwe. Kijana wa watu amemtunzia heshima miaka yote, leo amning'inie mkononi kama mlevi? Nikamwambia kwanza huyo si kijana, ana mvi. Pili, madaktari hawatamngoja yeye na heshima yake. Halafu nikakata simu kabla sijasema la kujutia. Walinichosha kabisa, bana, watu wawili wazima wanaogopana kama watoto, na jicho la mama linaenda hivi hivi.

Mume wangu aliondoka alfajiri bila kusema atafanya nini.

Safari hiyo ninayo kwa masimulizi mawili. Kwa masimulizi ya mume wangu, alifika, akasimama uani, akakohoa. Mama akakohoa ndani. Kisha mama akatoka amevaa gauni la kanisani, mkoba begani na kuku kwapani, maana mama hawezi kuja kwangu mikono mitupu hata akiwa haoni. Badala ya kuelekea kwenye pikapu akawa anaelekea mtaroni. Mume wangu alisimama pale mikono nyuma, jasho likimtoka na ilikuwa asubuhi ya baridi. Akatazama huku na huku, akaona miwa ya mama kando ya ua. Akakata mmoja mrefu, akaupogoa majani, na kabla mama hajaufikia mtaro akamwekea ncha moja kiganjani. Mama akaupapasa. Akasimama kidogo, akaushika sawasawa. Mume wangu akashika ncha ya pili, wakageuka, wakaenda.

Mama yeye anasema mtaro wa kwake anaujua hata usingizini. Ati alikuwa anampa mkwe nafasi ya kufikiri.

Ndani ya gari mama alikaa akielekea dirishani, leso imefunika kichwa na uso, kuku mapajani. Mume wangu akawa anatazama barabara na hakuna mtu wa kuanza. Tatizo ni kwamba yeye akiendesha peke yake hukimbia. Walipoipita Webuye gari likayumba kwenye kona, na mama akamwambia kuku, "Kuku, mwambie huyo dereva aende porepore. Mimi bado nataka kuona."

Mume wangu akapunguza mwendo. Akafikiri, halafu naye akamwambia kuku amwambie mama asiwe na wasiwasi, kona mbaya zimekwisha. Na hapo ndipo walipofunguka. Mpaka Kamukuywa yule kuku hakupumzika. Mama alimuuliza kama ni kweli mgongo wa mkwe unauma siku hizi, maana kikohozi chake kimebadilika. Mume wangu akamwambia kuku kwamba unauma, na akashangaa sana kujulikana hivyo na mtu asiyewahi kumtazama. Kisha, na hili masimulizi yote mawili yanakubaliana, walinisengenya mimi. Kuku aliambiwa mengi kuhusu mwanamke mmoja wa Kitale anayewakatia watu simu.

Mimi nilikuwa nimefika hospitalini mapema, nimekaa kwa benchi la varanda na magongo yangu, nikitazama lango. Foleni ilikuwa ndefu. Kila pikapu iliyoingia moyo ulinipaa, kisha ukarudi. Nilikuwa nimeshaanza kupanga maneno ya kumtukania mume wangu nilipowaona.

Yeye mbele, amegeuza uso nyuma, ameshika ncha ya muwa. Mama nyuma yake ameshika ncha nyingine, kuku kwapani. Wakifika penye ngazi au jiwe, mume wangu anasimama na kuugonga muwa kwa kidole, na mama anainua mguu. Hakuna aliyewafundisha. Foleni ilianza kucheka, na mama mmoja akauliza kama hao wanauza miwa. Mimi pia nilifungua kinywa nicheke, kisha nikawatazama vizuri. Macho ya mume wangu hayakuwa yameiacha miguu ya mama hata kidogo. Mama naye alikuwa ameinamisha kichwa upande, anausikiliza ule muwa kwa mwili wake wote. Nimeishi na mwanaume huyu miaka mingi na sijui kama mimi amewahi kunitazama hivyo. Niliona wivu, kusema kweli, na niliwapenda wote wawili.

Nikamkumbuka mwanafunzi wangu. Huyo mtoto aliona nyumbani kwao kitu ambacho mimi nimekaa nacho na sikukiona. Niliporudi kazini nilimrudishia alama yake, na nikamwambia mbele ya darasa kwamba mtu huweza kukaa chonjo kwa kuogopa kuumwa, na huweza kukaa chonjo kwa kuogopa kuumiza. Darasa halikuelewa. Yeye alielewa.

Basi, mama walimfanyia jicho la kulia mchana huo, la kushoto likangoja zamu yake. Alilala hapo hapo amefungwa bandeji, nami kando yake kwa kiti, mguu umeinuliwa. Aliniuliza tu, kama mambo yakikataa, nitamwambia ukweli au nitamzungushazungusha. Nikamwambia nitamwambia ukweli. Akasema sawa, na akaniambia ni mara ya kwanza nimemjibu bila kufoka.

Asubuhi mume wangu alikuja na chupa ya chai. Hakuingia. Alisimama mlangoni, ubavu ndani, ubavu nje, na wakati huo huo muuguzi akaanza kufungua bandeji. Mimi nilikuwa nimeushika mkono wa mama.

Mama akapepesa. Machozi yakamtoka, muuguzi akayafuta. Akatazama mikono yake kwanza, juu na chini, akaigeuza kama kitu alichopewa na mtu. Kisha akanitazama mimi muda mrefu. "Umenenepa," akasema.

Nikajua anaona. Nikamwinamia begani nikamshukuru Mungu kwa sauti, na muuguzi akanikemea nisimtikise mgonjwa. Nilipoinua kichwa, mama alikuwa anatazama mlangoni. Mume wangu naye aliona anatazamwa. Akakohoa, akainamisha uso, akaanza kurudi kinyumenyume kwenye korido na chupa yake ya chai.

"Mkwe, rudi," mama akasema. Hakumwambia kuku. Kuku alikuwa kwetu, amefungwa mguu jikoni. "Rudi, nimeshakuona."

Akarudi. Akasimama katikati ya wodi akiitazama sakafu. Mama alimkagua kuanzia viatu mpaka mvi, bila haraka.

"Kumbe ni mfupi," akasema. "Miaka yote hii ninampishia mtu njia, nikidhani ni mrefu."

Wodi nzima ilicheka, hata wale waliokuwa bado wamefungwa macho.

Tulipotoka, mama alitembea mwenyewe. Muwa aliubeba mimi nikikataza, kwa sababu daktari alisema asiinue vitu. Akasema huu hauna uzito. Tukajibana watatu pale mbele, mama katikati safari hii, mguu wangu wa plasta umechukua nafasi ya watu wawili. Kabla mume wangu hajawasha gari mama akampa ule muwa na kumwambia aukate. Akachukua panga chini ya kiti, akashuka, akaukata kwenye fundo la katikati, akamenya, akakata vipande vidogo asije mama akajikaza. Akamwekea vyake kwa leso. Vyake yeye akabaki navyo mkononi, hajui avipeleke wapi. Mtu hali mbele ya mama mkwe wake.

Mama akamngoja. Akasema, akitazama mbele, "Kula. Tangu jana huu ndio umekuwa mkono wako na mkono wangu. Sasa tumebakiza nini cha kuogopa?"

Mume wangu akatia kipande kinywani. Mama naye akatia chake. Wakaufyonza muwa polepole, wote wawili macho kwenye kioo cha mbele, kila mmoja akiweka makapi kwenye kiganja chake kwa adabu. Mashangazi hawajaambiwa mpaka leo, blanketi bado liko juu ya kabati, na yule kuku hakuna aliyethubutu kumchinja.

Mama akanipa kipande nami. Nikasema sitaki, plasta inaniwasha. Nilikuwa ninalia, na wale wawili, kwa mazoea yao ya miaka yote, hawakugeuka kunitazama.