Gauni la Adit Lilipimwa kwa Madumu

Saa moja asubuhi, uani kwake Munuki, mjini Juba, Florence Keji anakanyaga cherehani kwa kasi ambayo, majirani wanaapa, imewafanya kuku wa mtaa mzima wahamie Malakia. Zimebaki siku mbili tu Krismasi ya mwaka huu wa 2008 ifike, na magauni kumi na moja bado hayana mikono.

"Mimi hapana lala sasa," anasema, pini zikiwa mdomoni. "Nalala Januari."

Florence, mjane wa miaka hamsini na moja, alijifunza kushona Adjumani, Uganda, alikoishi ukimbizini miaka kumi na minne. Mwaka jana alirudi na cherehani yake. Anasimulia kwamba kwenye kivuko ilikaliwa na mbuzi wawili na kasisi mmoja, na aliyelalamika ni kasisi peke yake.

Gauni la mtoto hulishona kwa pauni kumi na tano. Wateja wake hawapeleki mtoto kanisani siku ya Krismasi na nguo ya zamani, na mama anayeweza hukata yake na ya mwanawe kitambaa kimoja, ili hata mtu wa mbali ajue nani ni wa nani.

Katika yote, lililomtoa jasho ni moja la bluu.

Mapema mwezi huu alifika Aluel, muuza kadi za simu mwenye miaka ishirini na tisa. Alibeba mita nne za kitambaa cha bluu chenye maua, mwisho wa jora. Dukani hakikubaki hata kipande cha kufungia chumvi. Alitaka gauni lake na la bintiye Adit, aliyemwacha kwa bibi yake kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, akiwa na miaka mitano. Sasa bibi na mjukuu walikuwa wakijiandaa kuja Juba.

"Ananifika hapa," alisema Aluel, mkono kiunoni.

"Lini?"

"Nilipomwacha. Elfu mbili na tano."

Florence akaweka mkasi chini. "Binti yangu, ule mtoto wa kiunoni amekwisha hama. Mimi nashonea nani?"

Kosa hilo analijua. Akina mama waliotangulia kurudi humletea kimo cha mtoto waliyemuaga. Mwaka jana aliwasikiliza, na magauni matatu yakaishia kwa wadogo wa wenyewe.

Aluel hakucheka. "Ni nguo ya kwanza namnunulia tangu nitoke, Mama Florence. Ikimbana, atajua simjui."

Wakapiga simu Kakuma. Bibi akajibu kwamba mtoto amekua, anakula sana, na futi ya kupimia hana. Florence akawaza kitu ambacho hakibadiliki kuanzia Kakuma hadi Rejaf, hapo nje ya Juba: dumu la njano la lita ishirini.

"Mwambie apange madumu, moja juu ya ingine. Mtoto asimame kando."

Ikasikika milio ya plastiki, kisha kicheko cha mtoto. Madumu matatu yalimfika machoni. Kamba ya kuzunguka kifua ikawa na urefu wa dumu moja na nusu.

Florence akapanga matatu uani kwake. Aluel akasimama kando, akanyoosha kiganja juu kidogo ya la tatu. Kilikuwa sawa na kifua chake. Akakiacha hapo hewani muda mrefu.

"Kata," akasema.

Alasiri ya leo lori kutoka Kapoeta, kwenye njia ya Kenya, limewashusha bibi na mjukuu, na Adit anavalishwa gauni, vumbi la safari likiwa bado kwenye nywele. Mabega yanakaa. Kifua kinakaa. Urefu umezidi vidole viwili; Florence anasema aliviacha makusudi, na huenda ni kweli.

Adit anajigeuza, kisha anamtazama mwanamke aliyevaa bluu kama yake.

"Nani alinipima?"

Aluel anafungua mdomo amtaje fundi. Florence anamuwahi.

"Mama yako. Mimi kazi yangu ni kushona tu."

Adit anasogea, anashika upindo wa gauni la mama yake, anaulinganisha na wake, maua kwa maua. Hauachii.

Florence anawapa kisogo na kurudi kwenye kiti. Magauni kumi yanamsubiri.

"Mwaka ujao nataka watoto wote iko hapa," anasema, akitunga uzi. "Wanakataa kusimama wima, wanacheka futi inawatekenya. Mimi nitawagombeza mpaka Krismasi."